Ufunguo Ulikuwa Mfukoni Mwangu

Somo: Kumbukumbu la Torati 24:6, 10–13, Nehemia 5:1–13



Mchungaji aliponiomba niandike ukurasa wa wiki hii nilimwambia sina mahubiri, nina ungamo. Akaniambia, basi andika hilo ungamo. Kwa hivyo msomaji wangu, usitafute hapa mtu anayekufundisha kutoka juu. Mimi ni shemasi wenu, mnanijua, na haya nitakayosema yananihukumu mimi kwanza.

Swali langu ni hili. Je, mtu anaweza kudai deni lake la halali, na bado akawa mkosaji mbele za Mungu kwa jinsi anavyolidai? Na ndugu mmoja wa kanisa anapomfungia ndugu mwingine mlango, sisi wengine tunafaa kusimama upande gani?

Mimi ni landilodi. Sio wale wa maghorofa, hapana. Marehemu baba alipata ploti Dandora kupitia ule mradi wa miaka ya sabini, ambapo mji wa Nairobi, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, uliwapa watu wa kipato cha chini viwanja vyenye choo na bomba, kila mtu ajijengee vyumba kidogo kidogo kadiri anavyopata. Baba alijenga vya mawe. Mimi nikaongeza vya mabati kule nyuma. Leo ni vyumba kumi na viwili, choo kimoja, bafu moja, bomba moja. Kodi ya hiyo ploti ndiyo ilinisomesha, na ndiyo inasomesha watoto wangu. Kwa hivyo mtu akisema landilodi ni mwizi, mimi huumia. Sijaiba. Hicho chumba ni changu na mtu akikaa ndani anafaa kulipa.

Miaka michache iliyopita, chumba cha mwisho kule nyuma, kile cha mabati, aliishi dada mmoja wa kanisa letu na watoto wake watatu. Kodi ilikuwa Sh2,500. Alikuwa akipika chapati na kuuza stejini asubuhi na jioni. Alikuwa mlipaji mzuri. Kisha Desemba mtoto akaugua, Januari ikaja na karo, na unajua vile Januari huwa. Kufikia mwisho wa Februari alikuwa na deni la miezi mitatu, Sh7,500. Nilimwambia mara ya kwanza kwa upole. Mara ya pili nikampigia simu hakushika. Mara ya tatu sikumwambia kitu. Jumamosi moja jioni, akiwa ametoka, nilimtuma kijana anayenisimamia ploti akanunua kufuli mpya pale dukani kwa Sh250, tukafunga. Ufunguo nikatia mfukoni.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Nilivaa suti, nikaja kanisani. Baada ya neno, mchungaji aliwaita mbele wenye mahitaji, na sisi mashemasi tukasimama kuwaombea kama kawaida. Yule dada akaja. Alikuwa na nguo za jana yake. Akasimama kwenye mstari wangu. Hakuchagua, ni vile mstari ulivyosogea. Nilimuuliza, kama ninavyouliza kila mtu, tukuombee nini, dada? Akaniangalia, akasema, “Nyumba.”

Wapendwa, niliomba. Mnajua vile tunavyoomba. Nilipaza sauti nikasema, Bwana, mfungulie mtoto wako mlango, mlango ambao hakuna mtu awezaye kuufunga. Watu wakasema amina. Na yeye akasema amina. Nilipoingiza mkono mfukoni kutoa leso nijipanguse jasho, vidole vyangu viligusa ule ufunguo.

Nataka kuwaambia kwamba nilitubu pale pale. Sikutubu. Niliendelea na aliyefuata kwenye mstari. Nilikaa na ule ufunguo mpaka saa kumi na moja jioni, nikijibizana na nafsi yangu. Nafsi yangu ilikuwa na hoja nzuri. Ilisema deni ni deni. Ilisema hata Biblia inamtaka mtu asiwe na deni. Ilisema ukimhurumia mmoja wote kumi na mmoja watakuja na hadithi zao. Hizo hoja sio za kijinga, na nitazirudia hapo chini. Lakini jioni hiyo nilifungua Kumbukumbu la Torati 24, sura ambayo nilikuwa nimeisoma mara nyingi kwa ajili ya mambo ya ndoa, na nikaendelea mbele kidogo.

Angalia kilichomo. Mungu hasemi deni lifutwe tu. Anakubali kwamba mtu amekopesha, na kwamba ana haki ya kuchukua kitu cha kuweka rehani. Lakini anamwambia anayedai: usiingie ndani ya nyumba ya mwenzako. Simama nje. Mwenye deni ndiye ataingia, na yeye mwenyewe ndiye atakuletea. Nilikaa hapo muda mrefu. Kumbe deni lina mahali linapofika likasimama. Linafika mlangoni. Ndani ya mlango kuna kitu kingine ambacho sikukopesha na siwezi kudai: kuna mtu mwenye heshima yake, kuna watoto, kuna kitanda chao.

Utaniuliza, lakini nyumba ya huko kwa Musa ilikuwa ya mwenye deni, na hii ni yako. Ni kweli. Ila mimi nikiwa nimempangishia mtu, nimemuuzia nini kama si huo mlango? Mtu halipi Sh2,500 kwa sababu ya mabati. Analipa ili awe na mahali anapoweza kufunga kwa ndani na kulala.

Sura hiyo hiyo inasema kama mwenye deni ni maskini na amekuwekea vazi lake, jua lisitue kabla hujamrudishia, kwa sababu ndilo analojifunika. Blanketi za watoto wale zilikuwa ndani ya kufuli langu. Usiku wa Jumamosi walilala sakafuni kwa jirani, watoto watatu na leso moja. Na mstari wa sita unakataza kumchukulia mtu jiwe la kusagia, kwa sababu ukichukua hilo umechukua uhai wake. Wazee wa Israeli walikuwa na jiwe la kusagia. Dada yetu alikuwa na jiko, kikaango, na nusu mfuko wa unga. Vyote vilikuwa ndani. Kwa hivyo mimi, niliyetaka pesa zangu, nilikuwa nimefungia ndani kitu pekee ambacho kingenilipa. Shetani anaweza kutufanya waovu na wakati huo huo akatufanya wajinga.

Nilienda nikafungua. Nilimwambia pole. Hakulia wala hakunishukuru. Alisema, “Ndugu, ulipoomba nilisema amina. Sikujua niseme nini kingine.” Halafu akaingia kuwasha jiko, maana watoto walikuwa hawajala.

Sasa kuna jambo ambalo lilinichukua siku zaidi kuliona. Tulipoketi kupanga vile atakavyolipa, aliniambia kwa sauti ya chini, bila ubishi, kwamba bati la juu ya kitanda lilikuwa limetoboka tangu mvua za Aprili iliyopita. Alikuwa ameniambia mara nne. Kila mara nilimjibu, nitatuma fundi. Yule mtoto aliyeugua Desemba aliugua kifua. Mimi si daktari, siwezi kusema ni bati. Lakini siwezi pia kusema si bati. Nilikuwa nimeandika deni lake kwenye daftari, tarehe na kiasi. Deni langu kwake halikuwa limeandikwa mahali popote.

Tunapozungumza juu ya nyumba kanisani, mara nyingi tunazungumza juu ya nyumba ya mbinguni, au ile nyumba ambayo Bwana atakupa. Hatusomi Mambo ya Walawi 14. Pale, nyumba ikitokea ukungu kwenye kuta, mwenye nyumba anatakiwa aende mwenyewe kumwambia kuhani. Kuhani anaamuru vitu vitolewe kwanza ili visiharibike pamoja na nyumba, kisha anaingia anakagua ukuta kwa macho yake. Mawe mabaya yanang'olewa, kuta zinakwanguliwa, plasta mpya inapigwa. Ukungu ukirudi, nyumba inabomolewa. Fikiria hilo. Mtumishi wa madhabahu alikuwa na kazi ya kuangalia kuta za nyumba za watu. Na Kumbukumbu la Torati 22:8 inamwambia anayejenga nyumba aweke ukingo juu ya dari, mtu asianguke na damu ikawa juu ya nyumba yake. Mungu anayepokea sadaka zetu ndiye huyo huyo anayeuliza juu ya ukingo wa dari.

Sisi wa Eastlands hatuhitaji kuelezwa maana ya damu juu ya nyumba. Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, kwenye mvua kubwa, jengo la ghorofa lilianguka Huruma, na karibu watu 50 wakafa. Jengo hilo lilikuwa limeshatiwa alama ya kubomolewa, lakini vyumba vilikuwa vimejaa na kodi ilikuwa inalipwa. Nimejiuliza mara nyingi: wapangaji wale hawakuiona ile alama? Waliiona. Ila mtu wa mshahara wa kibarua akihama, anahitaji dipoziti, kodi ya mwezi wa kwanza na pesa ya mkokoteni, zote siku moja. Asiyekuwa nazo anabaki. Kwa hivyo usimwambie maskini, kama nyumba ni mbaya si uhame. Hilo ni jibu la mtu ambaye ana mahali pa kuhamia.

Nilisema nitarudia zile hoja. Ya kwanza: kuna wapangaji wajanja. Ni kweli, na mimi nimekutana nao. Kuna mtu atakaa miezi mitano na kuhama usiku, na utampata kanisa lingine anainua mikono. Mpangaji kama huyo anatenda dhambi, na nisipolisema hilo nitakuwa mwongo. Pia kuna wajane ambao kodi ya vyumba viwili ndiyo chakula chao, na mpangaji asipolipa wao ndio hulala njaa. Simama nje ya mlango haimaanishi usidai. Dai. Andikianeni. Pelekaneni mbele ya wazee, na ikishindikana, mbele ya sheria. Lakini kuwepo kwa mjanja mmoja hakunipi mimi ruhusa ya kumtendea kila mtu kama mjanja, hasa yule ambaye najua hali yake na nimemshika mkono kwenye ushirika wa nyumbani.

Hoja ya pili: kanisa lisijiingize kwenye mambo ya nyumba na sheria, likae katikati, liombee pande zote mbili. Hii ndiyo niliyoipenda zaidi, kwa sababu iliniacha na ufunguo. Lakini soma Nehemia 5. Watu walimlilia Nehemia kwamba wameweka rehani mashamba na nyumba zao kwa ndugu zao wenyewe. Nehemia hakusema tutaliweka kwenye maombi. Alikasirika, akafikiri kwanza, kisha akawaita wakubwa, akawakemea, akakusanya mkutano mkubwa. Na angalia mstari wa kumi: anakiri kwamba hata yeye na ndugu zake walikuwa wanakopesha. Hakungoja awe safi ndipo aseme. Alisema akijihesabu. Ndipo wakarudisha mashamba, wakarudisha nyumba, na makuhani wakaitwa kushuhudia kiapo.

Mlango ukiwa umefungwa na mtu mmoja ana ufunguo, kukaa katikati ni kukaa na mwenye ufunguo. Sikulijua hilo nikiwa nimekaa kwenye kiti. Nililijua nikiwa na chuma mfukoni. Wazee watatu wa kanisa walijua dada amefungiwa. Jirani aliyemlaza aliwaambia Jumapili asubuhi. Hakuna aliyenijia. Sio kwamba hawakumpenda dada. Walinionea haya mimi, maana mimi natoa fungu la kumi vizuri na nilichangia mabati ya kanisa. Siwalaumu, ila nawauliza: mngenijia, je, si mngekuwa mmenipenda mimi pia?

Basi tufanye nini? Nitasema machache, kwa lugha rahisi.

Kwa wewe mpangaji. Jua kwamba Katiba ya 2010, Kifungu cha 43, inataja makao yanayofaa na usafi kuwa haki ya kila mtu. Jua pia kwamba kuna sheria ya kudhibiti kodi, Sura ya 296, inayolinda nyumba za kuishi ambazo kodi yake haizidi Sh2,500 kwa mwezi. Nyumba kama hiyo, hutolewi bila amri ya traibunali ya kodi, na landilodi anayekusumbua kusudi ili uhame anatenda kosa la jinai. Chumba cha dada yetu kilikuwa hapo hapo kwenye Sh2,500. Kwa maneno mengine, Jumamosi ile, aliyevunja sheria kwenye ploti yangu hakuwa mwenye deni. Hata kodi ikiwa juu ya hapo, kuchukua na kuuza vitu vya mpangaji ni kazi ya dalali mwenye leseni anayefuata utaratibu, sio ya mwenye ploti na vijana wake. Mtu akija kukutoa, omba uone karatasi. Tunza meseji zako za M-Pesa na risiti. Na usikwepe simu. Ukikosa pesa, sema umekosa, na sema lini.

Kwa wewe mwenye ploti, ndugu yangu, tuko wengi kwenye hivi viti. Usimfungie mtu kufuli, usitoe mlango, usitoboe wala kuezua bati, usikate maji wala stima ili ahame mwenyewe. Andikianeni mkataba hata wa ukurasa mmoja. Andika kwenye daftari lako upande wa pili: wewe unadaiwa nini? Bati, choo, taa ya kule nyuma ambako kina dada hupita usiku wakienda msalani.

Kwa kanisa. Mithali 31:8–9 inatuambia tufungue vinywa kwa ajili ya asiyeweza kujisemea. Mdomo huo tunao, tena wenye spika kubwa. Tuwe na watu wawili au watatu, mama mmoja awepo, ambao mtu akifungiwa atawapigia. Wasiende kupigana. Waende kusimama pale mlangoni pamoja naye, waongee na mwenye nyumba kwa heshima, na ikibidi wamsindikize kwa chifu au kwenye traibunali, kwa sababu mtu maskini akienda ofisini peke yake anaambiwa arudi kesho. Na sadaka ya huruma, kabla haijanunua unga, wakati mwingine ilipe kodi ya mwezi mmoja. Unga bila mahali pa kuupikia unasaidia kidogo.

Mtataka kujua iliishaje. Nilibadilisha bati wiki hiyo hiyo. Dada alilipa Sh500 kila alipoweza, na kufikia Agosti alikuwa amemaliza, shilingi hata moja haikubaki. Kisha akahama, akaenda Kayole. Haji tena kwetu. Nasikia anaabudu kanisa lingine karibu na anakoishi, na kwamba chapati zinauzika. Nilimpigia simu mwaka jana nikamwomba msamaha tena. Alisema alinisamehe zamani, ila kila akiniona nimeshika maikrofoni anaisikia ile kufuli. Hakusema kwa uchungu. Sikuwa na la kumjibu, na bado sina.

Msamaha alinipa. Lakini kanisa hili lilipoteza mwombaji, na sababu ni mimi. Sitaki tupoteze mwingine kwa namna hiyo. Kuna mtu kati yetu wiki hii amefungiwa, au atafungiwa mwisho wa mwezi. Kuna mwingine ana ufunguo. Huenda wote wawili watakuja mbele Jumapili, kwenye mstari mmoja.

Tuombe. Bwana, tumekuita ufungue milango. Kabla hujaleta malaika, tuonyeshe ile ambayo funguo zake tunazo sisi. Utupe uso wa kumwendea ndugu yetu na kumwambia. Utupe na moyo wa kuambiwa. Amina.